Jinsi ya kujaza mchanga uliochanganywa na saruji nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo

Masika yakikaribia, maswali huwa ni yaleyale. "Nikichanganya saruji kwenye kifusi cha nyuma, naweza kupunguza unene wa ukuta?" "Niweke mifuko mingapi?" "Jirani aliweka saruji nyuma ya ukuta wake na bado umelala, kwa nini?" Wanaouliza wengi wamenunua viwanja vya mteremko, mfano Goba, Salasala au Kimara hapa Dar es Salaam. Wamekata kilima ili kupata sehemu tambarare ya kujengea, na sasa wanautazama ukingo wa mchanga wenye kimo cha mtu.

Jibu fupi ni hili: saruji hupunguza msukumo wa mchanga, lakini msukumo wa maji haiugusi hata kidogo. Tena ikiwekwa vibaya, saruji huyafungia maji njia na kuuongeza msukumo. Kwa hiyo usipunguze unene wa ukuta kwa sababu ya saruji. Weka saruji ili ukuta ule ule upate mwenzake wa kusimama naye.

Mwongozo huu ni wa fundi na mwenye nyumba wanaofanya kazi kwenye mchanga au udongo wa kichanga. Mfano wangu ni ukuta wa mawe wenye kimo cha m 2, kwa sababu ndicho kimo kinachoulizwa zaidi. Ukuta ukizidi m 1.5, au kukiwa na nyumba, barabara au uzio mzito juu yake, michoro ipitishwe na mhandisi aliyesajiliwa, na kibali kitoke halmashauri. Gharama ya mhandisi ni ndogo kuliko ya kubomoa na kujenga upya.

Nadharia kidogo tu

Mchanga uliosimama nyuma ya ukuta unasukuma kwa pembeni. Hesabu inayotumika mpaka leo ilitolewa na mhandisi wa Scotland, Rankine, mwaka 1857. Kwa mchanga wa kawaida (pembe ya msuguano, yaani mteremko ambao mchanga unaweza kulala bila kuporomoka, ya nyuzi 30, na uzito wa tani 1.8 kwa mita ya ujazo), msukumo wa pembeni ni theluthi moja ya uzito wa mchanga ulio juu ya pale unapopimia. Ukijumlisha kutoka juu mpaka chini kwa ukuta wa m 2, unapata tani 1.2 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta.

Sasa angalia namba nyingine:

- Gari likiegeshwa juu, wahandisi huhesabu mzigo wa tani 1 kwa kila mita ya mraba. Msukumo unapanda hadi tani 1.9 hivi.
- Mchanga ukijaa maji mpaka juu, msukumo wa maji na mchanga kwa pamoja unafika tani 2.6. Ni zaidi ya mara mbili ya mchanga mkavu.
- Kimo kikitoka m 2 kwenda m 3, msukumo unafika tani 2.7, na nguvu ya kuupindua ukuta inaongezeka zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana "tuongeze kozi mbili tu" ni sentensi ya hatari.

Upande wa pili kuna ukuta wenyewe. Wa mawe, wenye upana wa sm 40 juu na m 1.2 chini, mgongo ukiwa wima na uso wa mbele ukiwa umelala, una uzito wa tani 3.5 kwa mita. Msuguano wa chini unashika karibu nusu ya uzito huo, yaani tani 1.75. Unatosha kwa mchanga mkavu, na hata hapo akiba ni ndogo. Gari likija hautoshi, na maji yakijaa hautoshi kabisa. Ukuta wa tofali za inchi 6 wa kimo hicho una uzito wa tani 0.6 hivi. Huo ni ukuta wa uzio. Usiutie kazi ya kuzuia udongo hata ukiusimamishia nguzo kila hatua.

Saruji inaingiaje hapa? Ikishika, hugundisha chembe za mchanga, na mchanga uliogundishwa unaweza kusimama wenyewe. Kwa hesabu za karatasi, mshikamano mdogo tu unafanya msukumo wa m 2 kuwa sifuri. Ni hesabu tamu, na ndiyo inayowaponza watu. Mchanga wa saruji ni mgumu lakini ni mkavu wa tabia: hauvutiki, unapasuka. Ufa ukitokea na ukajaa maji ya mvua, mshikamano wote uliouhesabia hauna kazi mahali pale, na maji ya ndani ya ufa yanasukuma kwa nguvu yake yote.

Mimi nashauri usiuhesabie mshikamano, uhesabie uzito. Jaza nyuma ya ukuta bonge la mchanga wa saruji lenye upana wa m 1 kutoka chini mpaka juu. Bonge hilo lina tani 3.6 kwa mita, na linasimama kama ukuta wa pili nyuma ya wa kwanza. Pamoja wana tani 7.1, na msuguano wa chini unakuwa tani 3.5. Hapo gari linabebeka, na hata siku mfereji wa kutolea maji nyuma ya ukuta (hatua ya 5) ukiziba, unabaki na akiba kidogo ya kukupa muda wa kuuzibua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa ukuta wa urefu wa m 10, kimo m 2 na bonge la upana wa m 1:

- Mchanga: mita za ujazo 24 ukiwa haujashindiliwa. Ukishindiliwa unabaki 20.
- Saruji ya daraja la 32.5: mifuko 35 ya kilo 50 kwa kipimo cha asilimia 5 ya uzito wa mchanga mkavu, na mitatu au minne ya akiba.
- Kokoto safi za nusu inchi hadi inchi moja, zisizo na vumbi: mita za ujazo 6 hadi 7.
- Kitambaa cha kuchuja maji (jiotekstaili). Magunia ya sandarusi si mbadala wake.
- Bomba la PVC la inchi 4 lenye matundu, na vipande vya bomba la inchi 3 vya kupitisha maji ukutani.
- Kompakta ndogo ya sahani, ya kukodi, pamoja na kishindilio cha mkono cha kilo 8 hadi 10 kwa ajili ya pembeni.
- Turubai, ndoo za lita 20, machepe, toroli, timazi, pima maji, futi kamba.
- Maji safi ya kutosha kwa siku za kazi na kwa wiki nzima baada ya kazi.
- Glavu, mabuti na barakoa. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole. Mtu hushtuka jioni wakati vidole tayari vimechubuka.

Panga kazi iwe Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Kuchimba mgongo wa kilima katikati ya masika ni kujitafutia msiba.

Hatua

1. Uchunguze mchanga wenyewe. Jaza chupa ya plastiki nusu kwa mchanga, ongeza maji mpaka karibu ijae, tikisa sana, iache itulie hadi kesho yake. Mchanga hukaa chini mara moja, tope laini hukaa juu yake. Tope likiwa chini ya moja ya kumi, mchanga unafaa sana. Likifika robo, bado inawezekana, lakini fanya jaribio la pili: chukua udongo wenye unyevu, uviringishe viganjani upate kijiti chembamba kama penseli. Usipoviringika, au ukikatika mara moja, endelea. Ukiviringika ukawa mwembamba na ukapindika bila kukatika, huo una mfinyanzi mwingi. Saruji peke yake haitaumudu na utapasuka ukikauka.

Onyo: mchanga wa ufukweni una chumvi inayokula nondo, na mara nyingi chembe zake ni za ukubwa mmoja, hazishikani vizuri hata ukizishindilia siku nzima. Tumia mchanga wa shimo. Udongo mweusi wa juu, wenye mizizi na majani, ukae mbali kabisa; uozo huzuia saruji kushika.

2. Tengeneza sampuli kabla ya kununua saruji yote. Kata vipande vya bomba la inchi 4, kila kimoja sm 20, vipasue ubavu mmoja na uvifunge kwa waya ili uweze kuvifungua baadaye. Changanya mchanga wako kwa asilimia 4, 5 na 6, ushindilie ndani ya vipande hivyo kwa tabaka nne, vifunge kwenye nailoni na uviweke kivulini siku 7. Kisha fungua, tumbukiza kila sampuli kwenye ndoo ya maji kwa siku nzima.

Hapa ndipo ukweli unapoonekana. Sampuli mbaya huanza kumeguka pembeni ndani ya saa moja, na maji yanachafuka. Sampuli nzuri inatoka kama ilivyoingia, na ukiikwaruza kwa msumari inaacha mstari tu, haimomonyoki. Chagua kipimo kidogo kabisa kilichofaulu, kisha panda hatua moja juu yake, maana mchanganyiko wa saiti hauwi mzuri kama wa ndani ya bomba. Kama kazi ni kubwa, peleka mchanga maabara ya udongo; wanaopima udongo wa barabara hufanya vipimo hivi kila siku.

Onyo: saruji nyingi si nguvu nyingi. Ukienda asilimia 10 unapata bonge gumu linalonywea na kupasuka kila baada ya mita kadhaa, na umetupa pesa.

3. Chimba kwa vipande. Usifungue mgongo wote wa m 10 kwa siku moja. Chimba vipande vya m 2 hadi 3, ukiruka kimoja kimoja, na uulaze ukingo. Mchanga haukubali kusimama wima. Mchanga wenye unyevu hudanganya: unasimama wima asubuhi, jua likiukausha mchana unaporomoka bila kutoa ishara. Asiingie mtu kwenye shimo linalozidi kiuno kama ukingo haujalazwa au kuzuiwa kwa mbao. Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni.

4. Jenga ukuta, kisha usubiri. Msingi uingie kwenye udongo mgumu, si kwenye kifusi. Acha matundu ya kutolea maji kwa bomba la inchi 3, kila m 1.5, sm 10 hivi juu ya ardhi ya mbele, yakiinama kidogo kuelekea nje. Ukuta ukimalizika uache siku 14 kabla ya kujaza chochote nyuma. Watu wengi huharibu hapa: fundi analipwa kwa siku, mwenye nyumba ana haraka, mota bado mbichi, wanaanza kushindilia. Ukuta unasogea sentimita moja, hakuna anayeona, na nyufa zinakuja kuonekana mvua za kwanza.

5. Weka njia ya maji, tena mahali sahihi. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kwenye kifusi cha kawaida, kokoto huwekwa zikiegemea ukuta. Kwenye mchanga wa saruji hilo halitoshi, kwa sababu maji ya kilimani yanafika kwanza mgongoni mwa bonge. Bonge halipitishi maji kirahisi, hivyo yanakusanyika huko nyuma na kulisukuma bonge pamoja na ukuta wako.

Njia ya maji iwe na umbo la herufi L. Simamisha tabaka la kokoto la sm 20 kati ya kilima na bonge, kutoka chini hadi karibu na juu. Chini kabisa, laza tabaka lingine la sm 15 hadi 20 linalopita chini ya bonge mpaka kwenye matundu ya ukuta. Pale kona ya L ilipo, laza bomba lenye matundu likiwa na mteremko wa sm 1 kwa kila mita, litokee mwisho wa ukuta mahali panapoonekana. Funga kokoto zote kwa kitambaa cha kuchuja, upande wa kilima na upande wa bonge pia. Bila kitambaa upande wa bonge, uji wa saruji utaingia kwenye kokoto na kuzigandisha, na hapo mfereji wako umekufa kabla ya kufanya kazi.

Kokoto za kusimama hupandishwa pamoja na bonge, tabaka kwa tabaka. Ubao mrefu uliosimamishwa katikati unasaidia kutenganisha. Unauvuta juu kila unapopanda.

6. Pima na uchanganye. Mfuko mmoja wa kilo 50 unakwenda na tani moja ya mchanga mkavu kwa asilimia 5, ambayo ni ndoo 34 za lita 20 zilizojaa bila kushindiliwa. Kwa mikono, changanya nusu mfuko kwa ndoo 17; zaidi ya hapo mtachoka kabla rangi haijalingana. Mchanga wenye unyevu huvimba, kwa hiyo ndoo inabeba mchanga pungufu na saruji itazidi kidogo. Haidhuru.

Changanya kwanza bila kuongeza maji, geuza kwa chepe mpaka rangi iwe moja, si chini ya mara tatu. Ndipo unyunyize maji kidogo kidogo. Unyevu unaotakiwa ni ule wa machicha ya nazi yaliyokwisha kukamuliwa. Fumba mchanganyiko kwenye kiganja, ubane, ufumbue: lazima ubaki donge, na ukilivunja kwa vidole likatike vipande viwili safi. Likisambaa, ongeza maji. Likikuachia kiganja kilicholowa, umezidisha.

Onyo: usikubali ushauri wa kumwaga mchanganyiko uliolegea kama zege ili "ujijaze wenyewe". Uji mbichi wa mchanga na saruji unasukuma kama maji mazito, si kama mchanga. Ukijaza m 2 kwa mkupuo mmoja, ukuta unapokea tani 3.8 kwa mita siku hiyohiyo, mara tatu ya mchanga mkavu. Saruji bado haijasaidia lolote. Kuta nyingi za namna hii husukumwa na kifusi siku ya kujaza, halafu lawama inaangukia mvua.

7. Tandaza na ushindilie. Tabaka lisizidi sm 15 baada ya kushindiliwa. Tandaza kama sm 20. Kompakta ipite mara nne mpaka tano, ukianzia upande wa ukuta kwenda upande wa kilima. Mita moja ya karibu na ukuta ni ya kompakta ndogo na kishindilio cha mkono tu. Rola au mashine nzito ikikaribia ukuta hubakiza msukumo ndani ya udongo hata baada ya kuondoka, na msukumo huo huwa hauonekani kwenye hesabu za mtu yeyote.

Sikiliza kishindilio. Mwanzoni kinazama na sauti ni nzito. Tabaka likikamilika kinadunda na kurudi mkononi. Kisha sukuma nondo ya mm 12 kwa mkono: ikiingia zaidi ya sm 3 au 4, rudia.

Kutoka maji yanapogusa saruji mpaka tabaka linamalizika kushindiliwa, una saa mbili. Mchanganyiko uliopitwa na muda huo usiuamshe kwa kuongeza maji. Utupe, au uutumie kusawazisha njia ya toroli.

8. Unganisha matabaka. Kabla ya tabaka jipya, kwaruza uso wa lililopita kwa reki au ncha ya sururu, sentimita moja au mbili, unyunyize maji. Tabaka laini lililokauka halishikani na la juu yake, na bonge lako linakuwa rundo la sahani zilizopangwa, kila moja tayari kuteleza. Usipandishe zaidi ya matabaka manne kwa siku, yaani sm 60. Kila unapomaliza tabaka la nne, shusha timazi mbele ya ukuta. Ukiona umesogea hata milimita chache, simama mpaka kesho.

9. Mwagilia siku 7. Funika kwa turubai au magunia na uyaloweshe asubuhi na jioni. Jua la pwani linaukausha mchanga wa saruji ndani ya saa chache, na saruji iliyokosa maji inabaki vumbi. Nyunyiza, usielekeze mpira wa maji sehemu moja ukachimba shimo. Gari lisipite juu kabla ya siku 28.

10. Fungia maji ya juu. Malizia kwa sm 20 hadi 30 za udongo wenye mfinyanzi ulioshindiliwa, au sakafu ya vitofali, ikiinama mbali na ukuta na kuingia kwenye mfereji wa wazi. Bati lote linalomwaga maji upande huo liwekewe gata. Na hili nalisema kila mara: shimo la maji taka lisichimbwe nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo. Unaweza kutengeneza mfereji mzuri kuliko wote Dar es Salaam, lakini karo likivuja mgongoni mwake mwaka mzima, ukuta unaishi masika isiyoisha.

11. Weka alama za kupimia. Pigilia misumari miwili mbele ya ukuta, mmoja juu na mmoja chini, katikati na kila mwisho. Shusha timazi, andika umbali na tarehe ukutani kwa rangi. Kazi ya dakika kumi. Bila alama hizo, baada ya miaka miwili hakuna atakayejua kama ukuta unainama au ulijengwa hivyo.

Mambo yakienda kombo

*Bonge halishiki, linamomonyoka ukilikwaruza baada ya wiki.* Sababu za kawaida ni saruji iliyokaa stoo muda mrefu ikawa na mabonge, udongo wenye uozo, au kukosa maji ya kukomaza. Rudi kwenye sampuli za hatua ya 2 kwa saruji mpya. Tabaka bovu liondolewe. Kulifunika kwa zuri ni kujenga juu ya mchanga mtupu.

*Nyufa nyembamba zinazokatiza bonge kutoka ukutani kwenda kilimani.* Ni kunywea kwa kawaida. Zijaze uji wa saruji na mchanga laini, kisha endelea.

*Nyufa ndefu juu, zinazofuata mstari wa ukuta.* Hizi ni mbaya. Zinaonyesha ukuta au bonge linasogea mbele. Funika mara moja kwa nailoni maji yasiingie, ondoa mzigo wowote ulio juu, pima alama zako na umwite mhandisi. Kuziba kwa zege na kupaka rangi hakuzuii kitu.

*Mvua kubwa imenyesha na matundu hayatoi hata tone.* Kama ardhi ya juu imefungwa vizuri, huenda hakuna maji ya kutoka. Lakini ukiona ukuta una unyevu au majani yanaota kwenye mota huku matundu yakiwa makavu, maji yako nyuma na njia imeziba. Ingiza nondo nyembamba kwenye matundu uzibue, na usukume maji kwa mpira kutoka upande wa kutokea wa bomba la kona. Yakitoka kwa kishindo, usisimame mbele ya tundu.

*Matundu yanatoa maji yenye mchanga.* Kitambaa kimechanika au hakikuunganishwa vizuri. Vipande vyake vilipaswa kupandana sm 30. Kila ndoo ya mchanga inayotoka mbele inaacha tundu nyuma. Tafuta juu sehemu inayodidimia, fungua hapo, rekebisha kitambaa.

*Alama nyeupe kama chokaa chini ya matundu.* Ni chokaa inayooshwa kutoka kwenye saruji. Kidogo si neno. Ikiwa inajenga ukoko mdomoni mwa bomba, ikwangue kila mwisho wa masika kabla haijaziba.

*Ukuta tayari umeinama, unataka kuuokoa kwa kuchimba nyuma na kujaza mchanga wa saruji.* Inategemea umesogea kiasi gani na bado unasogea au umetulia. Ukiwa umetulia, na kuinama kwa juu ni sm 2 kwa kimo cha m 2, kazi inawezekana kwa vipande vifupi baada ya kuutegemeza mbele kwa magogo. Ukiwa bado unasogea kila mvua inyeshapo, usiweke mtu nyuma yake wala mbele yake. Ondoa udongo kutoka juu kwa awamu mpaka mzigo upungue, ndipo mjadili kama unajengwa upya.

*Nimejaza mchanga mtupu tayari, naweza kumwagia uji wa saruji juu upenye?* Hapana. Uji unashika sentimita chache za juu na kutengeneza kifuniko, chini mchanga unabaki kama ulivyo. Chimba utoe, uchanganye, urudishe tabaka kwa tabaka.